Kahawa ya Mwandishi

Kila asubuhi, mikate ingali ya moto, mwandishi huingia kwenye duka la mikate la Rudayna mjini Malmö, Uswidi, hujibanza chini ya redio na kuagiza kahawa tamu kama sharubati. Vidole vyake havitoki wino. Akiandika, midomo humcheza. Wapalestina wenzake humletea habari za jamaa zao walioko Gaza, naye huwachosha kwa maswali madogo madogo: mlango ulikuwa wa rangi gani, nani alizoea kuunguza wali. Habari ya aliyekufa huiandika akinywa kahawa isiyo na sukari, ile ya matanga, na hapo Rudayna hupunguza redio bila kuambiwa. Habari ya Suhayla, dada yake Rudayna aliyebaki Gaza, aliiandika akinywa kahawa tamu. Simu ya Suhayla ilikuwa imezimika tangu kipupwe, na Rudayna hakutaka kusikia lolote ila kwamba hapatikani.

Leo mwandishi alimsomea ukurasa huo.

“Hapo umekosea, ustadhi,” Rudayna akamkatiza. “Suhayla aimbe jikoni? Yule alikuwa akigombana na masufuria!”

“Nifute?”

“Futa. Usinifanyie dada yangu malaika.”

Mwandishi akacheka, akaifuta sentensi yote, ingawa ilikuwa nzuri. Kisha akaomba kahawa nyingine. Rudayna alikawia jikoni. Aliporudi, alipunguza redio kwanza, ndipo akaweka kikombe mezani.

“Haya, andika upya,” akasema.

Mwandishi akaonja. Haikuwa na sukari hata chembe.