Wifi Alitaka Nafasi

Kwetu mjini, kwenye sherehe ya wanawake ya harusi simu huachwa mlangoni. Wenye kurekodi tulikuwa mimi na wifi yangu tu, na video zote zilikaa kwenye kompyuta yetu moja tu.

Siku moja akanambia, uso mkavu, "Wifi, kompyuta imejaa. Ile harusi ya mwanao nshaifuta."

Ya mwanawe hakuigusa!

Nikatazama. Nafasi haikuongezeka hata chembe. Kumbe ukifuta kitu, kompyuta hukitia kwanza kwenye pipa lake la taka, na humo bado kinakula nafasi mpaka pipa limwagwe. Nikaitoa humo pipani harusi ya mwanangu, nzima.

Kisha nikafuta ya mwanawe, na pipa nikalimwaga.

Jana kaniuliza mbona nafasi imerudi ghafla.

"Si uliitaka mwenyewe, wifi?"