Posho ya Mazingira Magumu

Jioni hiyo tulikuwa tunakula mjini Kambu, kwenye hoteli tuliyoifanya makao ya kikosi chetu cha kutafuta madini. Mwenzangu kutoka ng'ambo, mwanajiolojia kama mimi, alisukuma kikombe cha chai kando akasema maji ya chumvi ya huku yamemshinda, na eti posho ya mazingira magumu haifidii taabu hii hata kidogo.

Posho gani? Mimi pia nilikuwa nimekunywa chai hiyo hiyo. Shahada zetu ni sawa, mawe tunabeba pamoja juani. Kwamba mshahara wake unazidi wangu nilishajua na nilishameza. Lakini hii ilinikwama kooni.

Asubuhi nikamwuliza kiongozi wetu, naye mtu wa ng'ambo, kwa nini mimi sipewi posho hiyo. Hakuona hata haya.

"Wewe si uko nyumbani?" akaniambia, kwa upole wa mtu anayedhani anakusifu.

Nyumbani! Nimezaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, na maji ya chumvi nimeyabeba mgongoni, mkanda ukinikata kichwani, tangu utotoni. Chumvi haikuwahi kuniuliza pasipoti. Kumbe ugumu ni wa watu wa kuja tu, sisi wengine tuliumbwa bila koo!

Siku hiyo hiyo tulikuwa na shamba la kuingia, la mama mmoja mzee. Kuomba ruhusa ilikuwa kazi yangu kila mara, kwa sababu huku kwetu hawakuulizi kampuni, wanakuuliza ukoo. Ukishautaja, ulioandamana nao wanakuwa wageni wako, na wakiharibu kitu, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Mama alinisalimu kwa Kikamba, tukatajiana koo zetu, kisha akawatazama wenzangu waliosimama nyuma na nyundo zao.

"Aeni maku?" Wageni wako hawa?

Mashamba yote ya nyuma nilikuwa nimejibu ndiyo, bila kufikiri.

"Hapana, mama," nikasema. "Tunafanya kazi pamoja tu."

Akanishika mkono, akaniingiza, kisha akarudisha matawi ya miiba langoni. "Basi wewe njoo unywe uji. Hao wangoje huko huko."

Kiongozi, asiyejua Kikamba wala Kiswahili, alibaki nje ya miiba, ametoa macho. "Anasema nini?"

"Anasema niko nyumbani," nikamjibu.