Bakuli Nililolirudisha Getini

Nilipaswa kukataa. Mwanangu alirudi kutoka ghala la Mount Druitt, huku ughaibuni tunakoishi, alikofanya kazi, akakaa sebuleni, barakoa ikining'inia kidevuni, akaniambia: "Baba, mkataze mke wangu kwenda kwenye kile kikundi cha akina mama. Atatuletea korona humu ndani. Ukisema wewe hatabisha."

Alijua anachosema. Mkwe wangu ni Mpunjabi, Mhindi wa kaskazini. Kwao mke huinama kugusa miguu ya baba mkwe, kwetu husema shikamoo. Yeye alifanya yote mawili, kila asubuhi. Heshima hiyo ndiyo niliyoitumia kumfungia ndani.

Nikikumbuka nachemka. Mwanangu alishinda ghalani na watu wakipigiana chafya, na hakuna aliyemwita hatari. Hatari eti walikuwa wanawake wachache wa Kihindi na Kinepali, wamekaa mbalimbali kwenye nyasi za bustani pale Toongabbie, wakifundishana kuponda dengu, mayai na mchicha kwa ajili ya watoto walioanza kula!

Mjukuu wangu alikuwa ndio kwanza anaweza kukaa mwenyewe. Nikaamuru apewe uji mwepesi. "Vizito vitamkaba," nilisema, kama vile mimi daktari.

Siku moja mwanamke wa kikundi akaja getini na bakuli la wali na dengu zilizopondwa.

"Anko, mtoto huyu anahitaji chakula kizito sasa. Uji wa maji unajaza tumbo tu."

"Mama, mimi nimelea watoto watano."

"Umelea wewe, anko, au alilea mkeo?"

Nikamrudishia bakuli lake. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, amembeba mtoto, anaona. Hakubisha.

Wiki zilivyopita mtoto akapauka, akawa wa kulala tu, hata kucheka akaacha. Hospitali wakasema damu imepungua sana, chakula hakikumtosha. Waliruhusu mzazi mmoja tu kuingia. Mwanangu akanipigia simu kutoka nje, kwenye maegesho: "Baba, kwa nini ulimkatalia chakula?" Yeye aliyenituma! Mjinga yule. Na mimi mjinga zaidi, maana mdomo ulikuwa wangu.

Mtoto alipona. Mama yake hakurudi kwetu. Alikwenda Penrith kwa yule mwanamke wa bakuli, baadaye akapanga nyumba yake huko. Alikuja mara moja kuchukua nguo. Hakuinama, hakuniamkia.

Mwanangu humwona mtoto wikiendi. Mimi siruhusiwi. Mjukuu wangu wa pekee anaishi mwendo wa treni moja kutoka kwangu, na hanijui.