Fundi Simu na Begi la Sharifu

Pale Chanika, anayesafiri kwa ndege humpelekea kwanza fundi simu begi lake alikague betri, asije akaaibika uwanjani. Fundi huyo, mwanamke, hupekua bila haraka, akiimba kwa sauti ya chini, na kila betri huiziba ncha kwa utepe kama anayefunga kidonda cha mtoto. Leo wimbo ulikatika vidole vilipogusa sigara ya umeme ambayo Sharifu, msafiri wa leo, aliificha ndani ya kanzu iliyokunjwa begini. Sharifu akageuka nyuma. Mama yake alikuwa amesimama papo hapo.

“Umekuta nini, fundi?”

“Betri, mama. Hii haikai kwenye begi kubwa. Ikishika moto tumboni mwa ndege, nani ataiona?”

Akaizima, akaifumbata kiganjani, akamtumbukizia Sharifu mfukoni bila kumtazama, kisha akaendelea na wimbo pale alipouachia.