Jicho Lililozoea Vumbi

Fundi umeme waliyemwita Koleo, kwa kuwa hata mezani hakuachana na koleo lake, alipata kazi kwenye kiwanda cha matofali alikofanya kazi mdogo wake. Alifunga jicho la kuhisi mkono kwenye mashine ya kushindilia, akaliunganisha na kompyuta yenye akili bandia. Kompyuta ndiyo iliyoamua mota izunguke au isimame.

Mwanzoni vumbi lililidanganya jicho, mashine ikawa inasimama ovyo, bosi akaja juu. Taratibu kompyuta ikajifunza kupuuza vumbi. Wote wakashusha pumzi.

Asubuhi moja mdogo mtu aliingiza mkono kutoa tofali lililokwama. Mashine haikusimama.

"Kaka, si uliniambia inaona?" aliuliza hospitalini, kiganja hakipo tena.

"Iliuona, mdogo wangu. Ikadhani ni vumbi."

Koleo alirudi kiwandani, akataka waya wa jicho uende moja kwa moja kwenye mota, bila kupitia kompyuta. Bosi alikataa katakata. "Itaanza tena kusimamasimama," alisema.

Koleo alikusanya vifaa vyake akaondoka. Mashineni alikuwa ameshasimama mtu mwingine, anatoa matofali.