Bibi Mwajuma na Mkwewe Katika Theluji ya Islandi

Enzi zetu pale Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, mtoto aliyewahi kupanda basi hadi Gitarama alirudi akiwa profesa. Alikaa barazani juma zima akieleza alivyoona ng'ombe njiani, nasi tulimlisha karanga asije akanyamaza. Kwa hiyo mwaka 1992, Bibi aliponiambia kwamba tunakwenda ng'ambo, mwili wangu ulibaki mtaani lakini kichwa kilipaa siku hiyo hiyo.

Bibi Mwajuma, mama wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Binti yake wa mwisho, mama yangu mdogo Zaina, aliolewa na mzungu mmoja mrefu aitwaye Jón. Huyu alikuja Gisenyi kuchunguza volkeno zetu, kana kwamba kwao hakuna. Kumbe kwao ukitoa volkeno inabaki bahari tu. Alitamka shahada siku ya ndoa kwa matamshi ambayo, Bibi alisema, Mungu peke yake ndiye aliyeyaelewa. Kisha akamchukua mke wake kwenda Islandi.

Majirani waliposikia "Islandi" walidhani ni nchi ya Kiislamu. Mmoja aliagiza tasbihi, mwingine mkeka wa kuswalia. Bibi hakuwasahihisha. Alisema anakwenda kumkagua mkwe, basi.

Tulifika Desemba. Jua la kule linachomoza karibu na adhuhuri, na kabla chai ya alasiri haijachemka limeshazama. Bibi, ambaye hakuwahi kukosa swala, alichanganyikiwa kabisa. "Hapa," alisema, "ukimaliza kutawadha, siku imekwisha." Halafu yale maji ya bomba. Yanatoka ardhini yakiwa moto, na yananuka kama yai bovu. Siku za kwanza, kila bomba lilipofunguliwa, Bibi alinigeukia mimi kwa jicho la lawama.

Jón akaamua kutuzungusha nchi kwa gari lake dogo, tufike hadi kaskazini kwa mama yake mzazi. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Vijana wa leo mnakaa na wakwe zenu kwenye sofa moja mkigombea rimoti, lakini kwetu mkwe na mama mkwe walikuwa hawatazamani usoni, wala hawali chombo kimoja. Sasa watie ndani ya gari ambalo magoti ya mmoja yanagusa mgongo wa mwingine, siku baada ya siku. Bibi alikaa nyuma na mimi, kajifunika kitenge mpaka kwenye nyusi, na kila neno alilipitisha kwa binti yake aliyekaa mbele.

"Mwambie mumeo apunguze mwendo."

"Nimesikia, mama," alijibu Jón, ambaye Kiswahili alikuwa anakijua vizuri tangu Gisenyi.

"Mwambie sikumsemesha yeye."

Tulipita milima myeupe isiyo na mti hata mmoja, miamba myeusi iliyopasuka kama mkate uliozidi moto, na sehemu ambazo moshi ulitoka ardhini bila mtu kupika chochote. Kumbe walikuwa wanapika. Mwanamke mmoja alifukua mkate mweusi, mtamu, uliookwa ndani ya udongo ule wa moto. Bibi alikula vipande vingi, akatamka kwamba udongo wa nchi hii unapika kuliko Zaina. Siku hiyo hiyo tulifika kwenye bwawa la maji ya moto lililo wazi, theluji imelizunguka, na Jón, kwa moyo safi kabisa, akapendekeza sote tuingie tukaoge. Zaina alifumba macho. Bibi akamwagiza Zaina amwambie mumewe: kwetu mkwe anaikimbia hata ndoo ya mama mkwe wake, seuze mwenyewe akiwa ndani ya maji. Jón akaoga peke yake. Sisi tulimngoja garini, tumegeuzia uso mlimani.

Kesho yake dhoruba ikatukuta barabarani. Upepo ule sijapata kuuona tena. Theluji haikuanguka kutoka juu, ilikuja kwa ubavu, na ghafla mbele hapakuwa na barabara wala mlima. Gari liliteleza likaingia mtaroni, likainamia upande mmoja. Injini ikazima na haikuwaka tena. Jón alisema tusitoke, anayetoka haonekani tena. Tukakaa. Meno yangu yalikuwa yanagongana, na vidole vya miguu sikuvihisi.

Bibi alivua kitenge chake, akafungua kingine alichovaa chini, na kingine tena, maana mwanamke yule alikuwa amevaa duka zima. Kisha kwa mara ya kwanza akamtazama mkwewe usoni.

"Wewe, njoo huku nyuma. Heshima haipashi mtu joto."

Tukabanana wanne kwenye kiti kimoja, mimi katikati, pua yangu kwenye koti la Jón. Na kwa kuwa mwiko ulikuwa umeshavunjika, Jón akasema lile walilotuitia. Walitaka tusirudi. Nyumbani Rwanda vita vilikuwa kaskazini, na habari walizozisikia ziliwatisha. Zaina alikuwa analia tayari.

Bibi alimpangusa Zaina machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mimi ni mti mzee," alisema. "Ukining'oa nakauka. Mtoto abaki."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Enzi zetu mtoto hakuulizwa hata rangi ya viatu, sembuse nchi. Nilinuna mpaka mkulima mmoja alipotokea na trekta akatuvuta, na niliendelea kununa hadi Januari, Bibi alipopanda ndege peke yake akiwa na mfuko wa mkate mweusi. Nilikataa kumpungia mkono.

Mwaka 1994 simu ya Biryogo iliacha kupokelewa. Zaina alilala na redio sikioni. Jón alipiga simu kila mahali, kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha zake, na hakuna aliyejua lolote. Miezi ilipita hivyo. Mwisho wa mwaka simu ikalia, nami ndiye niliyekuwa karibu. Bibi alikuwa Buyenzi, Bujumbura, kwa binamu yake. Laini ilikuwa inakwaruza, lakini sauti ilikuwa ile ile ya mkasi.

"Mmekula?"

"Tumekula, Bibi," nikasema, na laini ikakatika.

Siku hizi nimerudi Kigali, nakaa Kibagabaga. Wanangu wanaongea na binamu zao wa Islandi kwa video tangu asubuhi, wanaonana mpaka meno, na ukisikiliza hawana la kuambiana, wanaonyeshana paka. Siwalaumu. Lakini sisi tulipata neno moja tu la Bibi, na nyumba nzima tuliishi kwa neno hilo majira yote ya baridi.