Injinia Niliyemwita Keva

Leo naweza kucheka, lakini siku ile ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe.

Tulikuwa tunajenga godauni Kitengela, mimi nikiwa nyapara wa vibarua. Fundi mkuu alikuwa Mserbia, Goran. Akimpigia mama yake simu, alimwita keva. Nilipomuuliza, akasema ndivyo vijana wa kwao wanavyomwita mama aliyewazaa. Sikuuliza kama mtu mwingine anaruhusiwa. Nililibeba neno kama zawadi.

Kisha tukasikia injinia mpya anatoka kwao, na ni mwanamke. Nikaapa kumkaribisha kwa lugha yake, liwe liwalo. Kwetu Kajiado, mwanamke mwenye cheo ni mama tu, hata kama una viatu vinavyomzidi umri. Asubuhi nzima nilifanya mazoezi nikipanga mifuko ya simiti.

Akashuka garini msichana hata thelathini hajafika. Nikavua kofia, nikainama. "Karibu, keva!"

Goran akanitolea macho. Mimi na ukaidi wangu nikadhani hawajasikia vizuri, nikarudia kwa sauti ya mhubiri: "Karibu sana, keva wetu!"

Injinia akatazama mvi zangu, kisha mapengo yangu. Akamwambia Goran maneno kwa lugha yao. Goran akakohoa, akatafsiri mbele ya vibarua wote:

"Mzee, madam anasema sawa, yeye iko mama yako. Sasa anauliza, kati ya sisi hapa, baba yako iko nani?"